Woking: Mji wa Reli, Makaburi na Msikiti wa Kwanza Kujengwa Uingereza



Ndugu zetu wapenzi, katika nyumba nyingi za Waislamu wa Afrika Mashariki, kando ya tafsiri ya Kiswahili ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, hukosi kuiona pia tafsiri ya Qur'ani kwa Kiingereza, ama ya Abdullah Yusuf Ali ama ya Muhammad Marmaduke Pickthall. Wanafunzi wetu wa sekondari na vyuo wanazitumia sana. Lakini ukiwauliza watafsiri hawa wawili wamezikwa wapi, wengi watajibu Lahore, au Hyderabad, au Cairo. Ukweli ni kwamba wote wawili wamelala katika makaburi ya Brookwood, pembezoni mwa mji wa Woking, mkoa wa Surrey, kusini-magharibi ya London.

Woking ni mji wa matajiri na wenye mishahara mikubwa. Uko umbali wa kilomita 39 hivi kutoka kituo cha Waterloo, na treni ya haraka huchukua kama nusu saa. Asubuhi maelfu wanapanda treni kwenda kufanya kazi London, jioni wanarudi kulala. Watu wa aina hii ya mji wanauona kama kitanda tu: hela inachumwa kwingine, inaletwa nyumbani. Miji ya namna hii imejaa kuizunguka London na wengi huiona haina historia, eti ni nyumba nzuri, bustani na magari. Tumeona tuieleze historia ya mji huu mmoja, kwa sababu ndani yake mna habari zinazotuhusu sisi Waislamu moja kwa moja, na kwa sababu namna ulivyozaliwa ni kinyume na mtu anavyodhania.

Kwanza tuelewe kuwa kuna Woking mbili. Ile ya kale ni kijiji kilichopo kandokando ya mto Wey, na jumba la kifalme la hapo lilikaliwa na Mfalme Henry wa Saba na mwanawe Henry wa Nane. Kijiji hicho leo kinaitwa Old Woking, na kimebaki kijiji. Mji tunaouzungumzia haukutokana nacho. Mwaka 1838 kampuni ya reli ya kutoka London kwenda Southampton ilifungua kipande chake cha kwanza, na treni zikaishia mahali paitwapo Woking Common, karibu kilomita mbili na nusu kutoka kijijini. Palikuwa ni nyika tu ya mchanga na vichaka. Ardhi yenyewe haikufaa kwa kilimo, na wanavijiji walikuwa na haki ya kulisha mifugo yao hapo na kukata kuni. Abiria alipoteremka hakukuta soko wala mtaa, alikuta magari ya farasi yanayomsubiri kumpeleka Guildford na kwingineko. Kwa miaka mingi kituo kilisimama peke yake.

Kilicholeta mji ni mauti.

London ya katikati ya karne ya 19 ilikuwa na watu zaidi ya milioni 2 na viwanja vya makanisa vilikuwa vimejaa. Maiti walizikwa juu ya maiti. Ugonjwa wa kipindupindu wa mwaka 1848 na 1849 uliua zaidi ya watu 14,000 katika jiji hilo, na serikali ikaanza kufunga makaburi ya ndani. Hapo wakatokea wafanyabiashara wakasema: reli ipo, ardhi ya bei rahisi ipo Woking, tuwapeleke wafu huko kwa treni. Mwaka 1852 Bunge likapitisha sheria ya kuanzisha kampuni ya London Necropolis, na kampuni ikajipatia zaidi ya ekari 2,000 za ile nyika ya pamoja. Wanavijiji walilipwa fidia, na haki zao za malisho zikaishia hapo. Novemba 1854 makaburi ya Brookwood yalifunguliwa, wakati huo yakiwa makubwa kuliko yote duniani.

Kampuni ilikuwa na kituo chake chenyewe karibu na Waterloo na treni zake maalumu. Tiketi ya waliofiwa ilikuwa ya kwenda na kurudi, ya marehemu ya kwenda tu. Na hata humo Waingereza hawakuacha desturi yao: kulikuwa na daraja la kwanza, la pili na la tatu, kwa walio hai na kwa majeneza pia, na watu wa Kanisa la England walitengwa na watu wa madhehebu mengine, kila kundi na kituo chake ndani ya makaburi. Sisi tunaomlaza tajiri na maskini katika sanda moja ya namna moja tunashangaa, lakini ndivyo ilivyokuwa. Treni hizo ziliendelea hadi mwaka 1941, mabomu ya Wajerumani yalipokiharibu kile kituo cha London.

Sasa, biashara ya wafu haikulipa kama walivyotarajia. Watu wa London hawakuja Brookwood kwa wingi uliokisiwa, na kampuni ikajikuta na ardhi kubwa isiyo na kazi. Ikarudi Bungeni kuomba ruhusa ya kuuza ziada, na kuanzia hapo ikageuka kuwa muuza viwanja. Viwanja vya karibu na kituo vikauzwa vipande vipande bila mpango wa maana, na ndiyo sababu katikati ya Woking hapakuwahi kuwa na uwanja mzuri wala jengo kuu la kuupa mji sura yake. Bali kwenye vilima vya kusini, mahali panapoitwa Hook Heath, kampuni iliuza viwanja vikubwa kwa watu wakubwa. Mwaka 1893 mawakili wa London walianzisha kiwanja cha gofu hapo jirani. Wakili angeweza kupanda treni asubuhi, kutetea kesi mahakamani, akarudi jioni kupiga mpira wake. Hivyo ndivyo ulivyoanza utajiri wa mji huu, na majumba ya Hook Heath mpaka leo ni ya wenye nazo.

Mbali na makaburi, Woking ilipokea vitu vingine ambavyo London haikuvitaka karibu yake. Palijengwa gereza la wafungwa wagonjwa na walemavu. Na hapo ndipo lilipojengwa tanuri la kwanza la kuchomea maiti nchini Uingereza, likaanza kutumika kwa binadamu mwaka 1885. Ni jambo ambalo dini yetu inalikataa, nalo lilianza kufanyika katika mji huohuo ambao miaka minne baadaye ungepata msikiti.

Mtu aliyeleta msikiti huo hakuwa Mwislamu. Ni Dk. Gottlieb Wilhelm Leitner, aliyezaliwa mwaka 1840 katika familia ya Kiyahudi huko Pest, sehemu ya jiji ambalo leo ni Budapest. Alikuwa na kipaji cha ajabu cha lugha. Alikaa miaka mingi Lahore akiwa mkuu wa chuo cha serikali na akawa miongoni mwa waliohangaikia kuanzishwa kwa Chuo Kikuu cha Punjab mwaka 1882. Aliporudi Uingereza alitafuta mahali pa kuanzisha chuo cha elimu za Mashariki, akalipata jengo kubwa kando ya reli ya Woking lililokuwa makazi ya wazee waliostaafu uigizaji. Reli ilimfaa, maana wanafunzi na wageni kutoka India wangefika kwa urahisi.

Leitner alitaka wanafunzi wa kila dini wapate pa kufanyia ibada zao. Shah Jahan Begum, mwanamke Mwislamu aliyeitawala dola ya Bhopal huko India kuanzia 1868 hadi 1901, alitoa fedha nyingi za ujenzi, na ndiyo maana msikiti unaitwa kwa jina lake hadi sasa. Msanifu alikuwa Mwingereza, William Isaac Chambers. Ulifunguliwa mwaka 1889. Ni msikiti mdogo, ndani wanaenea watu 60 hivi, lakini una kuba, mwezi mwandamo na mapambo ya kupendeza, umesimama katikati ya misonobari ya Surrey. Inasimuliwa kwamba nahodha wa meli ndiye aliyeletwa na vyombo vyake kukipima kibla. Watumishi wa Kihindi wa Malkia Victoria walikuwa wakitoka kasri la Windsor kuja kuswali hapo.

Hapa tuweke jambo sawa, maana huchanganywa. Kule Liverpool Sheikh Abdullah Quilliam alikuwa ameanzisha jumuiya ya Waislamu mwaka 1887, na walikuwa wakiswali ndani ya nyumba. Wao walitangulia kwa jumuiya. Woking imetangulia kwa jengo: huu ndio msikiti wa kwanza Uingereza uliojengwa tangu msingi wake kwa ajili ya kuwa msikiti.

Miaka michache baadaye, mwaka 1895, mwandishi H. G. Wells alihamia Maybury Road, katika nyumba iliyotazamana na reli, akaandika humo kitabu chake maarufu kuhusu viumbe wa sayari ya Mirihi wanaoivamia dunia. Kilitoka kikiwa kitabu mwaka 1898. Viumbe hao wanatua Horsell Common, nyika iliyobaki kaskazini ya mji, na miongoni mwa vitu vya mwanzo kuharibiwa ni chuo cha Leitner na ncha ya msikiti. Wells alikuwa akiizunguka Woking kwa baiskeli na kuchagua nani wa kumwangamiza. Inaelekea alikuwa na hamu ya kuuamsha mji uliolala usingizi wa raha.

Leitner alifariki mwaka 1899, naye akazikwa Brookwood. Chuo kikafa pamoja naye. Ardhi ikaanza kuuzwa, msikiti ukafungwa, na kwa zaidi ya miaka kumi hapakuwa na jamaa ya kudumu. Ungeweza kabisa kugeuzwa ghala. Aliyeukuta katika hali hiyo ni wakili kutoka Punjab, Khwaja Kamal-ud-Din, aliyefika Uingereza mwaka 1912. Kwa msaada wa Waislamu wenye vyeo London, akiwemo jaji Syed Ameer Ali, msikiti uliokolewa na kufunguliwa tena mwaka 1913. Tusifiche kwamba Kamal-ud-Din alikuwa mfuasi wa Mirza Ghulam Ahmad, upande wa Lahore wa Ahmadiyya, na msimamo wa wanazuoni wetu juu ya itikadi hiyo unajulikana. Pamoja na hayo, waliokusanyika Woking miaka ile walikuwa wa kila aina, na wengi hawakuwa wafuasi wake. Tangu miaka ya 1960 ilipokuwa ikimalizika, msikiti umekuwa mikononi mwa Ahlus-Sunna.

Kutoka kwenye mji huu wa gofu na treni za asubuhi kukawa kunatoka jarida la Kiislamu, The Islamic Review, kuanzia mwaka 1913, likisomwa katika nchi nyingi. Mwaka huohuo Lord Headley, mhandisi na mjumbe wa tabaka la mabwana wa Kiingereza, alitangaza Uislamu wake, na magazeti yote yakaandika. Mwaka 1923 akaenda kuhiji. Pickthall naye, mwana wa kasisi, alitangaza Uislamu wake mwaka 1917, akawa akiswalisha na kutoa khutba London na Woking kabla ya kwenda India. Siku za Idi, treni kutoka Waterloo zilishusha Waturuki, Wahindi, Waarabu, Wamalay na Waingereza waliosilimu, wakaswali kwenye nyasi na kula wali pamoja, na wapiga picha wa magazeti wakija kuwatazama.

Vita Vikuu vya Kwanza vilileta jambo zito zaidi. Askari wa India walioumia Ufaransa walitibiwa katika hospitali za kusini mwa England, hasa Brighton. Wajerumani wakatangaza kwamba Waingereza wanawazika Waislamu bila kufuata sheria ya dini yao, na imamu wa Woking wakati huo, Maulvi Sadr-ud-Din, naye akadai pafanywe makaburi ya heshima. Serikali ikaogopa habari hizo zisifike India. Ndipo kwenye Horsell Common, ileile ya viumbe wa Wells, kukajengwa kati ya 1915 na 1917 kiwanja cha kuzikia chenye kuta za matofali na lango la kuba. Walizikwa hapo baadhi ya waliofia mbali na kwao kwa ajili ya himaya isiyokuwa yao.

Miaka ilivyopita vijana wahuni walianza kuvunja na kuchafua makaburi hayo. Mwaka 1968 iliamuliwa miili ifukuliwe ipelekwe kwenye makaburi ya kijeshi ya Brookwood, na kile kiwanja kikaachwa kuota magugu kwa zaidi ya miaka 40. Kwa hakika hili ndilo linalotuuma kuliko yote katika historia ya mji huu: fedha za kutunza viwanja vya gofu zilikuwepo siku zote. Baadaye wenyeji wenyewe, Waislamu na wasiokuwa Waislamu, walilivalia njuga suala hilo. Mwaka 2015 mahali hapo palifunguliwa upya pakiwa bustani ya amani, na imepandwa miti 27 ya asili ya Himalaya, mti mmoja kwa kila askari.

Brookwood kwenyewe, sehemu ya Waislamu imekuwepo tangu karne ya 19, na ukiwahesabu waliolala hapo utadhani unasoma faharasa ya kitabu cha historia. Yupo Quilliam, yupo Headley, yupo Ameer Ali, yupo Imamu wa mwisho wa Yemen, Muhammad al-Badr, na yupo Naji al-Ali, mchoraji wa Kipalestina aliyepigwa risasi London mwaka 1987. Na kuna jina litakalowagusa wasomaji wetu wa Oman na Zanzibar: Sultan Said bin Taimur Al Busaidi, baba yake Sultan Qaboos. Baada ya kupinduliwa mwaka 1970 aliishi London mpaka alipofariki mwaka 1972, akazikwa Brookwood, na baadaye mwili wake ukahamishiwa Muscat. Ama Yusuf Ali, aliyewahi kuwa mdhamini wa msikiti wa Woking, mwisho wake ulikuwa wa huzuni. Desemba 1953 polisi walimkuta mtaani London akiwa hoi na maskini, akafariki siku iliyofuata. Mtu ambaye kazi yake imo majumbani mwetu kote hakuwa na wa kumshika mkono. Allah amrehemu.

Turudi mjini. Treni za umeme zilifika mwaka 1937, safari zikawa fupi na nyingi, na nyumba zikaongezeka haraka. Baada ya Vita vya Pili halmashauri ya London ilijenga mtaa wa Sheerwater kuwahamishia watu wake waliokosa makazi. Viwanda navyo vilihitaji wafanyakazi, hasa kiwanda cha James Walker kilichokuwa kwenye majengo ya chuo cha Leitner, yaani ukuta kwa ukuta na msikiti. Kuanzia miaka ya 1960 walikuja Wapakistani, wengi wao kutoka Mirpur katika Kashmir, ambako ujenzi wa bwawa la Mangla ulizamisha vijiji vingi. Wakapanga na kununua nyumba ndogondogo za Maybury, ng'ambo ya reli. Msikiti uliokuwa wa wanafunzi na mabwana ukawa wa makuli, madereva na wenye maduka, kisha wa watoto wao waliosoma. Ile hali ya siku za Idi tu ikaondoka. Sasa ukawa msikiti wa swala tano na madrasa ya jioni, na ile kuba ndogo haikutosha tena, ikabidi majengo ya pembeni yatumike.

Kwa hiyo mtu akikuambia Woking ni mji wa matajiri, mwambie ni kweli lakini amesema nusu. Hook Heath na Sheerwater ni mwendo mfupi wa gari, na bado ni dunia mbili. Kwenye jukwaa la treni saa moja asubuhi wanachanganyika, mwenye hisa za benki na kijana wa Maybury aliyesomea uhasibu. Jioni kila mmoja anarudi upande wake.

Mwaka 2018 msikiti wa Shah Jahan ulipandishwa daraja la juu kabisa la majengo yanayolindwa kisheria England, daraja walilopewa makanisa makuu na makasri. Miaka hiyohiyo halmashauri ya mji ilikuwa ikikopa fedha kujenga kati ya mji upya: maduka, hoteli na minara ya zaidi ya ghorofa 30, ukiiona kutoka mbali unadhani umefika jiji kubwa. Walitaka kwa nguvu ile sura ambayo kampuni ya makaburi haikuwapa. Juni 2023 halmashauri ikatangaza rasmi kwamba haiwezi kutimiza majukumu yake ya kifedha. Upungufu uliokadiriwa ulikuwa pauni bilioni 1.2, ilhali bajeti yake ya mwaka ilikuwa pauni milioni 16 hivi. Sisi tuliolelewa kuiogopa riba tulizisoma tarakimu hizo mara mbili. Mwaka uliofuata kodi ya halmashauri ikapandishwa kwa asilimia 10, na aliyepandishiwa wa Hook Heath hakuihisi kama wa Sheerwater.

Wanafunzi wetu walioko Uingereza, mkitaka kuzuru, treni za Waterloo hazikosekani. Msikiti uko Oriental Road, kati ya barabara na reli, mwendo wa miguu kutoka kituoni. Makaburi ya Brookwood ni kituo kinachofuata baada ya Woking, na ukishuka upande wa kusini unaingia makaburini moja kwa moja. Ni makubwa mno, basi ulizeni ofisini kwanza sehemu ya Waislamu iko wapi, na mkifika kwa Yusuf Ali na Pickthall muwasomee dua.